Jiwe la Lisbon na Dhahabu ya Kilwa

Wahenga wa pwani yetu, ambao nusu ya maisha yao ilikuwa chomboni, walituachia methali isemayo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, na omo ni upande wa mbele. Ngama ni pale chini katikati, ambapo maji yaingiayo chomboni hukusanyika. Maana yake ni kwamba mtu azunguke azungukavyo, mwisho hurejea pale alipotoka. Nilipokuwa shuleni niliiandika methali hii katika mitihani mara nyingi, nami sikuionja ladha yake. Niliionja siku moja nikiwa mbali na nyumbani, katika Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nakuomba, ewe msomaji, utembee nami siku ile tangu asubuhi hata jioni, uone nilichokiona, kisha uamue mwenyewe kama nilikuwa na sababu ya kuona haya.

Nilikuwa nimekaa katika mji ule miezi minane kwa ajili ya masomo. Njia niliyoijua ilikuwa moja tu, itokayo chumbani kwangu hata darasani, na itokayo darasani hata chumbani. Jumamosi moja, mjane aliyenipangisha chumba aliniandalia mkate na maziwa, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umekaa hapa miezi minane, nawe mji hujauona. Leo vitabu vipumzike." Nilicheka, nikakubali. Akanyosha kidole akaniambia niweke kopo langu juu ya meza. Na hapo ndipo safari yangu ilipoanza, kabla sijatoka mlangoni. Kwa maana maneno aliyoyatumia kwa Kireno yalikuwa *copo* na *mesa*.

Nilikaa kitako nikaanza kuhesabu. Bendera yetu ni *bandeira* yao. Foronya ya mto ni *fronha*. Mvinyo ni *vinho*, parafujo ni *parafuso*, na leso ambayo mama zetu hujifunga ni *lenço*. Hata neno gereza, wataalamu wa lugha husema, limetoka katika *igreja*, ambalo maana yake ni kanisa. Neno la nyumba ya sala limekuwaje neno la nyumba ya wafungwa? Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, na kwetu ngome na kanisa vikawa kitu kimoja machoni pa watu. Baadaye ngome kama ile ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, ilifanywa jela, na neno likabaki na wafungwa hata baada ya sala kukoma. Basi fahamu, msomaji, kwamba historia haikai vitabuni peke yake. Nyingine imelala mezani pako, nawe wainywea maji kila asubuhi.

Nilipanda kwanza mpaka mtaa wa Alfama, uliojengwa ubavuni mwa kilima chini ya ngome ya São Jorge. Vichochoro vyake ni vyembamba hata majirani wawili waweza kupeana mkono kutoka dirisha hata dirisha. Nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya vichwa vya wapitao, na harufu ya samaki wa kuchoma ilikuwa imejaa hewani. Kama ningalifumba macho nikayafumbua tena, ningalidhani niko Mji wa Kale, Mombasa. Na kufanana huko kuna sababu. Lisbon ilikuwa mikononi mwa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, hata mwaka 1147, wakati Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipoitwaa kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa wakipita njia kwenda Mashariki. Jina la Alfama lenyewe ni la Kiarabu, na hukumbusha chemchemi za maji ya moto zilizokuwako pale. Mreno aitakapo sukari husema *açúcar*. Na atamanipo jambo litokee husema *oxalá*, neno lililozaliwa na dua ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu apende. Kwa hiyo watu waliokuja kwetu wakijiita maadui wa Waislamu walikuwa wamebeba maneno ya Waislamu katika ndimi zao wenyewe. Hakuna taifa lililo safi kama maziwa yasiyotiwa maji. Nchi zote zimechanganyikana, na ile ijidaiyo kuwa haikuchanganyika imesahau tu.

Kutoka kilimani nilishuka hata ukingoni mwa mto Tejo, kwenye uwanja mkubwa ulio wazi upande wa maji. Rasmi huitwa Praça do Comércio, yaani uwanja wa biashara. Lakini wenyeji wengi wangali wakiuita kwa jina la zamani, uwanja wa jumba la mfalme. Nilitazama huku na huku nisione jumba. Sababu ni kwamba siku ya tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipokuwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka kwa kishindo kikuu. Waliookoka katika kuta zilizoanguka walikimbilia ukingoni mwa mto, na mawimbi makuu ya bahari yakaja yakawafagia. Kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Watu makumi ya maelfu walikufa. Jumba la mfalme, maktaba yake, na hati nyingi za safari za bahari viliangamia. Mji wa chini ulijengwa upya chini ya amri ya waziri ajulikanaye kwa jina la Marquês de Pombal, njia zake zikanyoshwa kama mistari ya daftari, na nyumba zikatiwa fremu za mbao ndani ya kuta ili zisianguke upesi ardhi itikisikapo tena.

Katika jumba lile lililoangamia palikuwa na ofisi iliyoitwa Casa da Índia, ambayo kazi yake ilikuwa kusimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 16, mmoja wa wakuu wake alikuwa mtu aitwaye João de Barros. Huyu hakufika Kilwa hata siku moja, lakini alizisoma habari za wafalme wa Kilwa, zilizoandikwa na watu wa Kilwa wenyewe, naye akazitia katika kitabu chake cha historia kilichopigwa chapa mwaka 1552. Nakala nyingine ya habari hizo, kwa Kiarabu, imehifadhiwa London. Tazama ajabu hii, msomaji: mji uliotuma merikebu za kuipiga Kilwa ndio uliohifadhi sehemu ya kumbukumbu za Kilwa. Mkono mmoja uliharibu, mkono wa pili ukaandika. Mwanafunzi wa historia hana budi kuitazama mikono yote miwili, asije akashika mmoja akauacha wa pili.

Saa tano nilipanda tramu kwenda Belém, kiasi cha kilomita 6 upande wa magharibi, pale mto unapoanza kupanuka kuelekea bahari kuu. Kutoka ukingo huu, tarehe 8 Julai 1497, Vasco da Gama aling'oa nanga akiwa na merikebu 4. Leo pale pana makao ya watawa yaitwayo Jerónimos, yaliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya mfalme Manuel. Ni jengo la mawe meupe ya chokaa, refu kama mtaa mzima, na nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, mafundo na majani ya bahari, hata wadhani kwamba mchongaji alikuwa baharia. Sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa kwa kodi iliyotozwa juu ya bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Tetemeko la mwaka 1755 liliangusha mji, lakini halikuliangusha jengo hili.

Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, nilimkuta Vasco da Gama mwenyewe amelala. Nasema amelala kwa kuwa juu ya kaburi lake ipo sanamu yake ya jiwe, chali, mikono ameikutanisha kwa sala. Alifariki Kochi, Bara Hindi, mwezi wa Desemba 1524. Mifupa yake ililetwa Ureno baadaye, na mwaka 1880 ikahamishiwa hapa kwa heshima kubwa. Wageni walikuwa wakipita kwa kunong'ona. Nilisimama nikaikumbuka habari ile ile kama ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa maji. Mwezi wa Aprili 1498 mtu huyu alifika Mombasa. Wenyeji na wageni hawakuaminiana, kila upande ukauwinda mwingine, naye akaondoka. Siku chache baadaye alipokewa vyema Malindi, kwa kuwa Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mfalme wa Malindi aliona heri kupata rafiki mwenye mizinga. Malindi ndiko alikopewa rubani aliyejua pepo za kaskazi na kusi, akamvusha hata Calicut. Zamani iliandikwa sana kwamba rubani yule alikuwa bingwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali tena, nao huona kwamba yamkini alikuwa mtu wa Gujarat. Lakini jambo moja halina shaka: njia ile, ambayo Ulaya iliita mpya, mabaharia wa bahari yetu walikuwa wameizoea karne nyingi. Alichokigundua da Gama ni watu wanaoijua njia.

Hapo moyo wangu ulishtuka kwa jambo dogo. Niliugusa ukuta wa kanisa, nikaona rangi ya jiwe lake, nyeupe yenye umanjano kidogo. Jiwe la namna hii nalikwisha kuliona. Nilipokuwa kidato cha pili tulipelekwa Malindi kutazama mnara wa Vasco da Gama, ulio juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Mnara wenyewe ni wa mawe ya kwetu. Bali msalaba ulio juu yake umechongwa katika jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Mwalimu wetu alitueleza hayo siku ile. Mimi nilikuwa nikishindana na wenzangu kurusha vijiwe majini, na maneno yake yakapita sikioni kama upepo. Sasa, baada ya miaka mingi, nilikuwa nimevuka bara zima ili kuelewa somo nililopewa bure kwa hatua chache za mchanga.

Mbele ya Jerónimos, ukingoni kabisa mwa mto, pana sanamu kubwa iliyofanywa kama omo ya merikebu, na juu yake wamesimama watu 33: wana wa wafalme, mabaharia, mapadri, washairi na wachora ramani. Ilijengwa kwa vitu visivyodumu mwaka 1940, kisha kwa mawe na saruji mwaka 1960, wakati Ureno ilipokuwa chini ya utawala wa kidikteta uliojisifia makoloni. Nilizunguka pande zote mbili nikitafuta mwenzetu. Nilimwona mwanamke mmoja tu, naye ni malkia. Rubani wa Malindi hayumo. Hamali wa Sofala hayumo. Nami nikakumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1960, wakati mawe haya yalipokuwa yakipandishwa, nchi 17 za Afrika zilikuwa zikipandisha bendera zao wenyewe. Wajenzi walikuwa wakiijengea nyumba enzi ambayo ilikuwa tayari inahama. Miaka 14 baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, askari wa Ureno wenyewe, waliochoka na vita vya Afrika, waliupindua utawala ule, na Msumbiji na Angola zikawa huru mwaka 1975.

Baada ya chakula cha mchana nilirudi nyuma kwa tramu hata jumba la makumbusho ya sanaa za kale, lililo katika njia iitwayo Janelas Verdes, maana yake madirisha ya kijani. Sikwenda kutafuta kitu maalumu. Nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa kali. Nilipita vyumba vya picha, vyumba vya sahani, hata nikafika chumba chenye mwanga hafifu, na katikati yake palikuwa na kabati la kioo. Ndani ya kioo kile kiling'aa kitu ambacho macho yangu hayajapata kuona mfano wake.

Kilikuwa ni chombo cha ibada ambacho Wakatoliki hukiita monstransi, cha kuonyeshea Ekaristi. Kimefanywa kwa dhahabu na kutiwa rangi za kioo kilichoyeyushwa. Mitume 12, kila mmoja mdogo kama kidole, wamepiga magoti kwa duara. Juu yao viguzo na matao yamepanda kama kanisa zima lililopunguzwa likaingia mkononi. Na katika shina lake yamepangwa matufe ya pete, mfano wa mbingu, ambayo mfalme Manuel aliyafanya nembo yake. Mfua dhahabu atajwaye kuwa ndiye aliyekifanya huitwa Gil Vicente. Katika kitako chake yamezungushwa maandishi, nami niliyasoma pole pole, herufi kwa herufi. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Kilwa! Nilisoma mara ya pili, nikasoma mara ya tatu.

Habari yake ni hii. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika mbele ya Kilwa akiwa na kundi kubwa la merikebu za vita. Alimtaka Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala, awe chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka; la sivyo mji ungepigwa kwa mizinga. Amir hakuwa na mizinga. Alilipa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali moja ni gramu 4 na kidogo, kwa hiyo zote pamoja zilikuwa yapata kilo 6. Mwaka 1503 dhahabu hiyo ilifikishwa Lisbon, na fundi akapewa kazi. Sasa zingatia miaka, msomaji, maana katika historia miaka ni kama pepo kwa nahodha. Mwezi wa Julai 1505, fundi angali akifua na kung'arisha, kundi jingine la merikebu likiongozwa na Francisco de Almeida lilifika Kilwa, likateremsha askari, likauteka mji na kuupora. Na mwezi wa Agosti likaichoma Mombasa. Ile kodi iliyolipwa ili kuepusha moto haikuepusha kitu. Chombo kilipomalizika mwaka 1506, mji uliolipa dhahabu ile ulikuwa umekwisha vunjwa.

Nilikuwa ningali nimesimama pale wakati liliponijia kundi la watoto wa shule, wa umri wa miaka 10 hivi, pamoja na mwalimu wao. Mwalimu aliwasomea maandishi. Mtoto mmoja akauliza Kilwa ni wapi. Mwalimu akafikiri kidogo, akajibu, "Mbali sana, huko upande wa Bara Hindi."

Mgeni ni kuku mweupe. Nilijua kwamba nikifungua kinywa wote wangenigeukia. Lakini kunyamaza nako kungalikuwa kuukana ukweli. Nikasema kwa Kireno changu cha kuchechemea, "Niwie radhi, mwalimu. Kilwa iko Afrika. Ni kisiwa katika nchi ya Tanzania, kusini mwa kwetu."

Yule mwalimu hakukasirika. Aliona haya kidogo, kisha akatabasamu, akaniuliza kama natoka huko. Nilimwambia natoka Mombasa. "Basi, bwana," akasema, "tafadhali waeleze wewe."

Niliwaeleza nilivyoweza. Niliwaambia kuhusu msikiti mkuu wenye kuba nyingi, na jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali, lenye birika la kuogelea lililojengwa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Niliwaambia kwamba wafalme wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, aliuhesabu mji ule miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Watoto walisikiliza midomo wazi. Mvulana mmoja akauliza, "Basi walimpa mfalme wetu dhahabu hii iwe zawadi?"

Nilimwonyesha neno lililo katika kitako cha chombo, *parias*. "Neno hili ni la kwenu," nilisema. "Ni mali ambayo mnyonge humlipa mwenye nguvu ili asipigwe. Aliyeandika hakuificha." Mwalimu akalirudia neno lile mbele ya watoto, polepole, akawaeleza kwa lugha yao maana yake. Nami nilimheshimu kwa hilo.

Nilidhani mambo yamekwisha, na moyoni nilianza kujiona shujaa. Hapo msichana mdogo aliyekuwa nyuma akauliza swali lake: "Na wewe, ulipokwenda huko Kilwa, uliiona ikoje?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Sikuwahi kwenda Kilwa. Nilikuwa nimepanda ndege nikavuka jangwa na bahari ili nije nisome Ulaya, wala sikuwahi kupanda basi kwenda Kilwa. Yote niliyowaambia watoto wale nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Nilimjibu kweli, "Sijafika." Yule mtoto akanitazama kwa mshangao usio na ubaya wowote, akasema, "Basi wewe na sisi ni sawa." Hakunitukana, lakini sijasahau.

Nilipotoka mle nilikaa katika bustani ndogo iliyo nyuma ya jumba, juu ya bandari, nikafikiri. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu ya wale waliotwaa. Ilikuwa hasira ya haki, wala sikuambii uione kuwa kosa. Lakini mawazo hayakukoma hapo. Dhahabu ile ilikuwa ya nani hapo kwanza? Kilwa haina machimbo. Dhahabu yake ilitoka bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikachukuliwa hata bandari ya Sofala, na wafalme wa Kilwa walitajirika kwa kuitoza ushuru. Walioichimba ardhini, na wanawake walioichekecha mitoni, hawakuandikwa katika habari za Kilwa, wala katika kitabu cha Barros, wala katika kitako cha chombo. Jina la mfalme limo. Jina la mji limo. Jina la mchimbaji halimo popote. Basi tuwadaipo wengine kwamba wametusahau, tujiulize na sisi tumewasahau akina nani.

Njiani kurudi mjini nilipita katika barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, maana yake barabara ya kisima cha watu weusi. Jina hilo latokana na amri ya mfalme Manuel, yule yule wa chombo cha dhahabu, ya mwaka 1515, kwamba lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo. Katikati ya karne ya 16, yapata mtu 1 katika kila watu 10 wa Lisbon alikuwa mtumwa, na wengi wao walitoka Afrika Magharibi. Leo barabara hiyo ina maduka na mikahawa, na vijana hucheka vibarazani. Shimo halionekani. Limebaki jina tu, na jina laweza kuwa jiwe la kaburi kwa wale wasiopata kaburi.

Jua lilipokuwa likituwa nilifika uwanja mdogo wa São Domingos, karibu na katikati ya mji. Hapo hukutana watu wa Guinea-Bissau, Angola na kwingineko. Akina mama walikuwa wameketi wakiuza njugu na dawa za miti shamba, na wazee wakibishana habari za mpira. Mama mmoja alinipa njugu kidogo nionje kabla ya kununua, kama vile ingalivyokuwa Kongowea. Sikujua lugha yake wala yeye hakujua yangu; tulisemezana kwa Kireno. Lugha ya waliotutawala ndiyo iliyokuwa daraja letu. Nalo hilo ni jambo la kufikiriwa, wala si la kuchukiwa wala kushangiliwa kwa haraka.

Sasa tumemaliza mzunguko wetu, nami nakudai jambo moja. Huenda siku moja utapata nafasi ya kwenda ng'ambo. Nenda, tembea uone. Lakini kabla ya hapo, tazama kilicho karibu nawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 1981, na majengo yale ya Belém mwaka 1983. Tazama basi: ulimwengu ulikwisha kuisimamia Kilwa miaka 2 kabla ya kuisimamia Belém, nami mwana wa pwani nilikuwa sijaenda hata kubisha hodi. Fort Jesus iliandikwa mwaka 2011. Ni wangapi kati yetu tulioishi nayo bega kwa bega tusiingie hata mara moja?

Jiwe la Lisbon lingali Malindi, likipigwa na upepo wa bahari. Dhahabu ya Kilwa ingali Lisbon, ndani ya kioo. Iwapo siku moja vitu hivi vitarejeshana, au vitabaki vilipo, hayo ni maamuzi ya mataifa, nawe utakapokuwa mtu mzima utakuwa na neno la kusema. Lakini neno lako litakuwa na uzito gani ikiwa hujui kilichotwaliwa, wala kilitwaliwa kwa nani, wala mahali kilipotwaliwa palikuwaje?

Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Mizigo yangu haijakaa wiki mbili nikapanda basi kwenda kusini, nikavuka mpaka, nikafika Kilwa Masoko, nikaabiri mashua kwenda kisiwani. Nilisimama chini ya kuba za msikiti mkuu, nikaweka kiganja ukutani kama nilivyofanya Jerónimos. Ukuta ulikuwa wa matumbawe, wa moto kwa jua. Laiti yule msichana mdogo angalikuwako, ningalimjibu swali lake.